Vichwa vya Viluwiluwi kutoka Tope la Mlima Kenya: Shajara ya Mradi, Lamu

4 Februari

Leo mashua ya Mokowe imeniletea kisanduku nilichokingoja tangu mwezi uliopita. Ndani yake mna vichupa 16 vya tope lililochimbwa katika ziwa dogo la Mlima Kenya, juu ya mpaka wa miti, kule ambako hakuoti ila nyasi za mashungi, lobelia na ile miti minene ya seneshio iliyovaa majani makavu kama koti. Tope ni mali ya mwalimu aliyenifundisha chuoni. Yeye ndiye anayeshughulikia umri wa kila tabaka, na kwa kuwa kazi hiyo haijatoka mikononi mwake, sitalitaja ziwa lenyewe wala umri wa matabaka yake katika shajara hii. Mimi nimepewa jambo moja tu la kufanya, nalo ni kuvitoa vichwa vya viluwiluwi vilivyomo, kuvipanga kwenye slaidi, kuvitambua na kuvihesabu.

Viluwiluwi hivyo ni vya kironomidi, wadudu wa mabawa mawili wanaofanana mno na mbu ila hawaumi, ambao jioni huonekana wakicheza kwa makundi juu ya maji au kuzunguka taa. Kwetu huitwa usubi, au huitwa mbu basi. Neno usubi limewabeba wadudu zaidi ya mmoja, wakiwemo wale wanaouma na kueneza upofu wa mtoni, kwa hiyo nitatumia jina la kironomidi tangu mwanzo hadi mwisho ili msomaji asidhani kwamba nazungumzia hao wengine. Kiluwiluwi cha kironomidi hukaa chini ya ziwa, mara nyingi ndani ya kijumba cha uzi na matope alichojijengea mwenyewe, na hupitia hatua nne za kukua kabla ya kuwa pupa. Kila anapotoka hatua moja huvua ngozi, na pamoja na ngozi huvua gamba la kichwa. Mwili wake laini huoza, lakini kichwa kimeundwa kwa kitini iliyokazana, ile dutu ngumu ya magamba ya wadudu, na katika tope tulivu la ziwa hukaa maelfu ya miaka bila kupoteza hata jino. Kiluwiluwi mmoja aliyefikia utu uzima anaweza hivyo kuwa ametuachia magamba manne ya kichwa chake yeye mmoja.

Thamani ya magamba haya iko katika joto. Hewa hupoa kwa takribani nyuzi 6 kila mtu anapopanda mita 1,000, na kironomidi wa maziwa ya chini si wale wanaopatikana karibu na barafu. Mdudu mzima huishi siku chache tu, huruka, hutaga penye maji yanayomfaa, na vizazi vyake hufuata mabadiliko ya hali ya hewa kwa haraka kuliko miti iwezavyo. Anayeweza kusema ni aina zipi ziliishi katika tabaka fulani la tope anaweza kukadiria joto la wakati ule. Kila kitu kinategemea utambuzi, na utambuzi unafanywa kwa vichwa ambavyo vingi havifiki nusu milimita.

11 Februari

Nimeshughulikia vichupa vitatu vya kwanza. Utaratibu ni ule ule unaofuatwa katika maabara nyingi: napima gramu chache za tope bichi, nalitia katika maji ya potasiamu haidroksidi ya asilimia 10, nalipasha moto hadi nyuzi 70 bila kulichemsha, na kwa dakika kumi hivi nalikoroga taratibu hadi mabonge yafunguke. Kisha nalimimina kwenye chekecheke yenye matundu ya maikromita 100 na kulisuuza kwa maji yaliyochujwa. Udongo mwembamba hupita, na juu ya wavu hubaki vipande vya mimea, chembe za mchanga na vichwa.

Maji ya bomba hapa mjini hutoka kwenye visima vya chini ya vilima vya mchanga vya Shela, na ni maji mazuri. Hata hivyo sithubutu kusuuzia tope la mlimani kwa maji ambayo hayajapita kwenye kitambaa cha matundu madogo, kwa sababu kichwa kimoja cha kiluwiluwi wa Lamu kikiingia kwenye sampuli ya Mlima Kenya kitakuwa kimesema uongo kuhusu joto la mlima mzima.

Kuokota ndiko kunakokula siku. Mabaki yaliyobaki juu ya wavu nayatia kidogo kidogo katika sinia ndogo yenye mfereji uliopindapinda, ili jicho lifuate njia moja bila kuruka mahali wala kurudia, na natazama kwa hadubini ya macho mawili iliyokuza mara 25 hadi 40. Kichwa huonekana kama kikombe cha rangi ya asali, wakati mwingine cheusi, wakati mwingine cheupe kiasi cha kupotea machoni. Kila kimoja nakichukua kwa kibano chembamba na kukitia katika kisahani chenye spiriti. Leo, kwa saa nne na nusu, nimeokota vichwa 31 kutoka kichupa kimoja.

Lengo ni vichwa 50 kwa kila sampuli, na ikiwezekana zaidi. Tafiti kadhaa zilizochapishwa mwaka 2001 zilijaribu swali hili la idadi, na tangu hapo watu wengi wa fani hii wamechukua hamsini kuwa ndicho kiasi cha chini kinachofaa katika sampuli nyingi. Nikipungukiwa nitaomba tope zaidi. Sitaijaza hesabu kwa vipande visivyostahili kuhesabiwa.

19 Februari

Siku nne nzima nimezitumia kutafuta maneno, na sioni kuwa nimezipoteza. Maelezo ninayoyategemea zaidi ni yale ya Hilde Eggermont na Dirk Verschuren wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, waliochapisha mwaka 2004, kwa sehemu mbili, taarifa za mabaki ya kironomidi wa Afrika Mashariki. Kabla ya hapo mtu wa huku alilazimika kuegemea sana vitabu vilivyotungwa kwa wadudu wa Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Lakini mtoto wa kaka yangu, ambaye yuko kidato cha tatu na huja kunisaidia alasiri, hawezi kukumbuka maneno ya Kilatini ambayo hayamwonyeshi kitu chochote, na nikimwambia atazame mentamu ananiangalia mimi badala ya kuangalia slaidi.

Mentamu hiyo ndiyo kiungo cha kwanza cha kutambulia: ni kile kibamba kilichopinda kidogo, chenye safu ya meno, kilichokaa upande wa chini wa kichwa mbele kabisa. Nilitafuta jina kwa muda mrefu, na hatimaye nikalipata jikoni: ni mbuzi. Mtu yeyote aliyekaa juu ya mbuzi akakuna nazi anaujua ule ulimi wa chuma wenye meno uliotokeza mbele, na kibamba cha kiluwiluwi kimefanana nao hata katika mpangilio, jino la katikati likiwa limetangulia na mengine yakipungua kuelekea pembeni. Kwa hiyo katika maelezo yetu tunasema bamba la mbuzi, na mwanangu huyo hajalikosea tena.

Baada ya hapo makundi makubwa yalijitenga yenyewe. Wale wa Chironomini wana, kila upande wa bamba la mbuzi, kitu kilichotanuka chenye mistari mingi ya miale, ambacho hakuna wa pwani asiyeona kwamba ni upepeo wa ukindu. Wale wa Tanytarsini nao wana pepeo, ila zao ni nyembamba na ndefu, na ncha zake hukaribiana sana katikati. Tena vipapasio vyao husimama juu ya kigingi kirefu ambacho mara nyingine kina mwiba. Orthocladiinae hawana pepeo za kuonekana. Pembeni mwa bamba lao mna ukingo mdogo tu usio na miale. Tanypodinae ni watu wengine kabisa: ni wawindaji, kichwa chao ni kirefu kama tende, hawana mbuzi, na badala yake katikati ya kinywa wana kijiti kipana kilichochanika meno manne au matano, ambacho sisi tumekiita chusa. Diamesinae, ambao huhesabiwa miongoni mwa wapenda baridi wakubwa, mara nyingi wana bamba lenye meno mengi madogo yaliyobanana.

Taya za pembeni na vile vijitaya vidogo vya mbele hung'oka kwa urahisi wakati wa kuzikwa au wakati wa kuchekecha, na ndiyo maana katika mabaki bamba la mbuzi hubeba mzigo ambao kwa mdudu hai ungegawanywa kwa viungo vingi.

3 Machi

Nimeamua kufuga viluwiluwi hai. Slaidi zinanionyesha kichwa kilichokwisha kufa, kilichobanwa na wakati mwingine kilichopasuka, na nilihisi kwamba natambua sura bila kuyajua maisha yake.

Nyumba za zamani za Lamu zina birika, na desturi ya wazee ni kuweka vijisamaki ndani yake ili wavile viluwiluwi vya mbu, maji yasiharibike. Birika la nyumba yetu halina samaki tangu lilipotengenezwa upya, na chini yake kumekusanyika tope la kijivu lenye unene wa kidole. Nililikwangua kwa kikombe, nikalimwaga katika sahani nyeupe, na papo hapo vikaanza kujikunja na kujikunjua viluwiluwi vyekundu kama nyuzi za zafarani zilizolowana. Hao ni Chironomus. Wekundu wao ni himoglobini, kama ilivyo damu yetu, na unawawezesha kukaa kwenye tope ambamo hewa ni haba kiasi cha kuwaua wengine.

Najua vizuri kwamba hawa si wa Mlima Kenya, na hakuna hata mmoja wao nitakayemlinganisha na vichwa vya ziwani kwa jina. Kinachonivutia ni viungo. Nimewagawa katika vikombe vya kioo: baadhi nimewawekea tope lile lile laini la birika, na wengine, kwa kuwa nilitaka kuona vijumba vyao vikijengwa, nimewawekea mchanga safi wa Shela kwa sababu chembe zake huonekana. Kila ngozi inayovuliwa naichukua, nafunga kichwa chake kwenye slaidi na kuandika tarehe na kikombe kilikotoka. Mama aliuliza kama wadudu hawa watatoka na kujaa nyumbani, nami nikafunika vikombe kwa shashi.

14 Machi

Vichupa saba vimekwisha. Wengi ni Orthocladiinae, kama inavyotarajiwa kwa ziwa la baridi, Tanytarsini wanafuata, Chironomini ni wachache. Katika Orthocladiinae nimetenganisha aina mbili zinazofanana sana, na kwa muda nimeziita aina ya kwanza na aina ya pili. Ya kwanza ina jino la kati lililochongoka na kupanda juu ya jirani zake, ya pili ina jino la kati pana na bapa. Inanifurahisha kwamba aina ya pili inaongezeka katika vichupa vya kijivu, vyenye chembe za mchanga nyingi, na kupungua katika vile vya rangi ya kahawa. Nimemwandikia mwalimu kuhusu jambo hilo.

20 Aprili

Masika yameingia na yameniletea hasara. Vichwa hufungwa kwenye slaidi kwa gundi angavu ya Euparal, na kabla ya kuviweka humo ni lazima viondolewe maji kwa spiriti, kwanza ya asilimia 80 na kisha ile isiyo na maji kabisa. Slaidi tisa nilizozifunga juma lililopita zimegeuka nyeupe kama maji ya tui. Chini ya hadubini hakuna jino linaloonekana, kuna ukungu tu.

Chanzo ni chupa ya spiriti niliyoizoea kuifungua mara kumi kwa siku. Spiriti isiyo na maji huvuta unyevu kutoka hewani, na hewa ya Lamu wakati huu ina unyevu wa kutosha kulowesha chumvi mezani. Kile nilichodhani ni asilimia 100 kilikuwa kimeshapungua, maji yakabaki ndani ya vichwa, na gundi ikayakataa. Potasiamu haidroksidi nayo imeshikamana kwenye chupa yake, na vipimo vyangu vya mwezi huu sivitegemei kikamilifu.

Hatua nilizochukua ni hizi. Spiriti mpya nimeigawa katika vichupa vidogo vya matumizi ya siku moja, kila kimoja kimezibwa kwa nta. Kazi ya kufunga slaidi nimeihamishia kwenye saa za mchana, jua likiwa limetoka, badala ya asubuhi na mapema. Slaidi zilizokamilika na hadubini yenyewe vinakaa katika sanduku lenye vifuko vya jeli ya silika inayofyonza unyevu, na sanduku linakaa kwenye kidaka cha juu kabisa cha ukuta wa ndani, ambako hewa ya bahari haifiki moja kwa moja. Zile slaidi tisa nimezilowesha katika spiriti siku mbili, vifuniko vikatoka, nikavisafisha vichwa kimoja kimoja na kuvifunga upya. Vichwa vitatu vimevunjika katika zoezi hilo, na nimevifuta kwenye hesabu.

6 Mei

Leo nimegundua kosa kubwa, na ningependa kuliandika kwa ukamilifu kwa sababu sioni mahali lilipoandikwa kwa mtu anayeanza kazi hii kama mimi.

Nilikuwa nikimwonyesha mwanangu tofauti kati ya aina ya kwanza na aina ya pili, slaidi mbili zikiwa zimewekwa kwa zamu. Aliangalia ya pili kwa muda mrefu kuliko kawaida yake, kisha akasema, "Ami, huyu si mwingine. Huyu ni kama mbuzi ya bibi, meno ya kati yamekwisha."

Nilimjibu kwamba jino bapa ni umbo la aina hiyo. Halafu nikanyamaza, maana sikuwa na ushahidi wowote wa jibu langu. Tulikwenda jikoni, tukaitazama mbuzi ya mama yangu, ambayo ina umri mkubwa kuliko wangu. Meno ya pembeni bado ni makali. Yale ya kati, yanayopokea nazi kila siku, yamelika hadi yamekuwa ukingo mmoja mpana, na mtu asiyejua angeapa kwamba fundi aliyeufua ulimi ule aliufua hivyo.

Nikarudi kwenye slaidi za birika, ambazo tangu Machi nilikuwa nazirundika bila kuzisoma kwa makini. Chironomus ana jino la kati lenye ncha tatu, na kila upande meno sita. Katika ngozi zilizovuliwa na viluwiluwi waliokaa kwenye tope laini, zile ncha tatu zinahesabika bila shida. Katika zile za kikombe cha mchanga wa Shela, kichwa baada ya kichwa, ncha zimelika, na katika vichwa viwili vya hatua ya nne jino la kati limebaki kama kisiki bapa. Ni wadudu wa birika moja, waliotoka tope moja, walioishi mbali kwa kiasi cha vikombe viwili mezani. Walikwangua chakula juu ya chembe ngumu, na meno yao yakalipa.

Baada ya hapo sikuweza kuitazama aina ya pili kama nilivyoizoea. Ilikuwa nyingi katika vichupa vya mchanga. Hivyo ndivyo nilivyomwandikia mwalimu tarehe 14 Machi, tena kwa furaha, nikidhani nimeona wadudu wakibadilishana zamu kwa ajili ya hali ya hewa.

9 Mei

Nimepima upana wa vichwa vyote vya aina hizo mbili kwa kutumia kipimo kilichochorwa ndani ya lenzi. Upana unajikusanya katika makundi, kama inavyotakiwa kuwa kwa mdudu anayekua kwa hatua, na makundi ya aina ya kwanza na ya pili yanaangukia pale pale. Kisha nimepanga vichwa kutoka kile chenye jino kali zaidi hadi kile chenye jino lililolika zaidi, nikitafuta pengo ambalo lingehalalisha majina mawili. Hakuna pengo. Pembe za kichwa, ukingo mdogo wa pembeni, idadi ya meno ya pembeni, rangi ya ukingo wa nyuma, vyote ni vile vile. Aina ya pili haipo. Kuna aina moja ambayo baadhi yake walikufa wakiwa wametumia meno yao zaidi.

Nimemwandikia mwalimu barua nyingine, nikaeleza yote pamoja na picha za mbuzi. Hesabu ya vichupa vyote saba vya mwanzo nimeifuta na nitaianza upya, slaidi moja baada ya nyingine, siku ambayo macho hayajachoka.

Nimejiwekea pia masharti ambayo yataandikwa katika ukurasa wa kwanza wa maelezo yetu ya utambuzi. Kabla ya kutenganisha aina mbili kwa sababu ya jino, ni lazima nijiulize umri wa mdudu, yaani alikuwa hatua ya tatu au ya nne. Nijiulize alikula juu ya nini. Na nijiulize kichwa chenyewe kimelalaje, kwa kuwa kilicholalia ubavu huonyesha jino la kati likiwa jembamba kuliko lilivyo. Baada ya maswali hayo matatu ndipo naruhusiwa kusema neno tofauti.

27 Mei

Hesabu mpya imefika kichupa cha 12. Vipande navihesabu kwa kanuni ya kawaida: bamba lililokamilika au lililozidi nusu ni kichwa kimoja, nusu kamili ni nusu, na pungufu ya nusu haihesabiwi.

Tanytarsini nao wamenibidi niwarudie. Nilikuwa nimewapa wengi wao jina la jenasi Micropsectra, kwa sababu wachache waliohifadhika vizuri walikuwa na kigingi cha kipapasio chenye mwiba wa kufaa, na wengine walifanana nao kwa jumla. Lakini ili kumtenganisha Micropsectra na Tanytarsus kwa uhakika hutafutwa vile vijitaya vya mbele, ambavyo kwa Micropsectra vina meno mawili na kwa Tanytarsus huwa na matatu au zaidi, na vijitaya hivyo ndivyo vinavyong'oka mapema. Nimewaachia jina wale walio na viungo vinavyolibeba. Waliobaki, ambao ndio wengi, nimewaandika "Tanytarsini, jenasi haikutambulika". Safu hiyo ya jedwali imenenepa na inaumiza kidogo kuitazama, kwa sababu kila kichwa kilichomo humo kiliwahi kuwa na jina zuri. Hata hivyo ni afadhali safu hiyo kuliko joto la uongo, kwani hesabu zinazokadiria joto huchukua kila jina kama ushahidi na hazina njia ya kujua ni lipi nililikisia.

Katika vichupa hivi nimekuta pia magamba ya utitiri wa majini, vifuko vya mayai ya viroboto-maji, na vichwa viwili vya usubi wale wanaouma, ambao viluwiluwi vyao huishi kwenye maji yaendayo kasi. Hao si wakazi wa ziwa, kijito kiliwaleta. Nimewaandika pembeni, kwa kuwa wanatuambia kwamba wakati huo kulikuwa na mto mdogo wenye nguvu unaoingia.

12 Juni

Kusi inavuma, hewa imepungua uzito, na slaidi zinakauka bila matatizo. Nimemaliza kichupa cha 16. Sampuli 13 zimepita vichwa 50, mbili zimepungua kidogo, na moja, ile ya kijivu ya chini kabisa, imetoa vichwa 17 tu hata baada ya kutumia tope lote nililopewa. Nimeomba nyongeza ya sampuli hiyo moja.

Katika hiyo hiyo ya chini kabisa kuna kipande ambacho nimekitazama jioni tano. Ni sehemu ya bamba la mbuzi yenye meno madogo mengi yaliyobanana, na natamani sana kiwe Diamesa, jenasi ambayo kwenye milima mirefu ya Afrika Mashariki huishi katika maji ya baridi kali, ikiwemo mito inayotiririka kutoka kwenye barafu. Kingekuwa kichwa kizima kingesema mengi kuhusu umbali wa barafu kutoka kwenye ziwa lile. Lakini kilichopo ni pungufu ya nusu. Jino la kati halimo, na kwa kanuni niliyoiandika mwenyewe kipande hicho hakihesabiwi. Nimekipiga picha kwa ukuzaji wa mara 400, nikakifunga peke yake katika slaidi ya mwisho, na juu ya lebo nimeandika kwa kalamu ya risasi: "Sampuli 16, kipande, pungufu ya nusu, hakijatambuliwa, kitazamwe tena tope la nyongeza likija."

Mwanangu ameuliza kwa nini sikuandika japo "labda Diamesa". Nimemwambia achukue kalamu aongeze swali lake mwenyewe nyuma ya lebo, pamoja na tarehe, na ameliandika.

Masanduku mawili ya slaidi yamefungwa kwa pamba na karatasi, na kesho yanavuka kwenda Mokowe. Viluwiluwi vya birika vinabaki hapa. Kikombe cha tatu, chenye tope laini lililochanganywa na mchanga nusu kwa nusu, nimekianzisha leo asubuhi.